Nilivyomtoa Mayunga Korogwe

Wanawake wenzangu, kila nikienda kisimani naulizwa jambo lile lile, na kila nikirudi nasikia limeshatiwa chumvi. Na chumvi yenyewe haipatikani tangu vita vianze! Mmoja anasema nilimfufua mtu. Mwingine anasema nilimhonga Mdachi ng'ombe, mimi ambaye hata mbuzi sina. Basi nimeamua kuandika, kwa herufi zile zile za Kurani ambazo marehemu baba alitufundisha chuoni, niwajibu wote kwa mara moja. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na tafadhali asiongeze lake.

Mume wangu Mayunga mnamjua. Ni Mnyamwezi. Alikuja kutoka kwao kabla ya vita kukata mkonge kwenye mashamba ya Wadachi huko Korogwe, na mkataba ulipokwisha hakurudi. Alifika Misima kununua mahindi, akaniona mimi Mwantumu, mahindi akayasahau. Alisilimu, baba akatuozesha, akapewa pori, akalifyeka mwenyewe mpaka likawa shamba ambalo hata nyinyi mnapita mkilitolea macho.

Vita vilipofika, Mdachi akataka wapagazi, na jumbe wetu akaambiwa atoe watu. Jumbe akatazama kulia, akaona mpwa wa fulani. Akatazama kushoto, akaona mjukuu wa fulani. Alipomtazama Mayunga hakuona ukoo nyuma yake. Akasema, "Huyu mgeni ndiye aende." Waume zenu walikuwepo pale barazani, wote wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Sisemi ili tugombane. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwanza alisukuma vigari kwenye ile reli ndogo ya kutoka Mombo, kisha akapelekwa Korogwe kubeba magunia. Masika yalipoanza, muuza tumbaku mmoja akaniletea habari kwamba Mayunga ana homa, amelazwa Manundu, huko huko Korogwe, ndani ya ghala la katani pamoja na wapagazi wengine wagonjwa. Akasema Waingereza wanakaribia, na Wadachi wanangoja mvua ipungue wahame kwenda kusini na wapagazi wao wote, mzima na mgonjwa. Tulishaiona misafara hiyo ikipita hapa. Mgonjwa huanguka njiani, na msafara haumngoji. Nikajua kwamba msafara ukiondoka kabla sijafika, sitamwona tena.

Kutoka Misima

Nilitaka kwenda peke yangu. Shangazi yangu Mwanaisha akasema mwanamke haendi peke yake kwenye nchi ya askari, na kabla sijamjibu alikuwa ameshafunga mzigo. Nilibeba unga wa muhogo na kuku wawili. Yeye alibeba tumbaku yake ya kutafuna na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kamba za mgomba.

"Hicho nini, shangazi?"

"Sanda yangu."

Alikuwa na sanda ya kitambaa cha marekani, safi, aliyoinunua zamani nguo zilipokuwa nyingi, akaitia ubani na kuitunza. Siku hizi watu wanazikwa kwa magome ya miti, na yeye aliapa kwamba hatazikwa hivyo. Hakuiacha nyumbani kwa sababu hamwamini mtu yeyote wa Misima, tena aliwataja kwa majina, lakini majina hayo sitayaandika.

Njia ilikuwa matope matupu. Shangazi alisimama kila penye kivuli, hata penye kivuli cha wingu. Mimi moyo unakimbilia Korogwe, yeye ananieleza harusi ya mama yake. Nilimfokea mara kadhaa, Mungu anisamehe, na kila nilipomfokea alipunguza mwendo makusudi.

Sindeni

Karibu na Sindeni kijito kilikuwa kimefurika, tukakaa ukingoni kungoja maji yashuke. Ng'ambo wakatokea wapagazi wa Kinyamwezi na magunia vichwani, wakavuka kwa kushikana mikono, wakatua upande wetu kupumzika.

Mnajua sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara ya pembe. Mtani anakutukana mbele ya watu na huna ruhusa ya kununa. Akishika kitu chako akasema "nimeshika," ni chake. Na ukifiwa, yeye ndiye huja kuzika, akimwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka.

"Nyinyi Wazigua," akasema mmoja wao, mrefu, mwenye pengo, "leo mmetoka kumuuza mtoto wa nani kwa pishi ya mahindi?"

"Tulitaka kumuuza Mnyamwezi," akajibu shangazi, "lakini wanunuzi wanasema ni mabega tu, kichwa hakimo."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikaona hawa ni watu wema, nikauliza, "Mnamjua Mayunga, wa ghala la Manundu?"

"Mayunga mla mlenda?" akasema yule mwenye pengo. "Ah, bibi, umechelewa! Tumeshamzika. Tena alikuwa mzito, mlenda wenu ulimjaa tumboni."

Wakacheka tena. Askari aliyekuwa nyuma yao akapiga kelele, wakajitwika mizigo na kuondoka mbio. Niliwaita. Kelele za maji zikanishinda.

Wenzangu, hapo ndipo safari yangu ilipotaka kuvunjika. Mtani anaweza kutania kifo. Lakini anaweza pia kuleta habari ya kifo cha kweli kwa utani, maana hiyo ndiyo kazi yake. Shangazi alishaanza kulia, akanivua shanga za shingoni, akafungua kanga aliyokuwa amejitandia akanifunika nayo.

"Turudi nyumbani. Umefiwa, unatakiwa kukaa eda. Kila hatua unayokwenda mbele sasa ni dhambi."

"Na kama yu hai?"

"Basi kila hatua unayorudi nyuma ni dhambi."

"Shangazi, hunisaidii!"

Tulibishana mpaka maji yakashuka. Mwisho nikamwambia kwamba ushahidi wa kifo hauchukuliwi kwa mtu anayecheka, na baba angesema hivyo hivyo. Sikuwa na hakika baba angesema hivyo. Nilivuka kijito kwanza, naye akavuka nyuma yangu akiniombea msamaha kwa sauti ili nisikie.

Kwamndolwa

Tulifika mto Pangani tumelowa. Daraja lilikuwa na kizuizi cha mti na askari wawili. Wakawatazama kuku wetu, wakachukua mmoja, tukapita. Hawakujali wanawake wanaoingia Korogwe. Waliojali ni wale wanaotoka.

Kwamndolwa, pale pale Korogwe, alikuwepo mwanamke wa Kishambaa, Mama Yohana, Mkristo aliyeshuka kutoka milimani na mumewe kulima bondeni. Mayunga alikaa kwake enzi za kukata mkonge, akamsifu sana kwangu, ingawa sikuwahi kumwona. Tulimkuta uani anapika makande. Nikajitaja: "Mimi ni Mwantumu, mke wa Mayunga."

Akanitazama uso, akatazama shingo yangu isiyo na shanga na kanga ya msiba niliyofunikwa. Mwiko ukamwanguka. Akanikumbatia akaanza kulia.

Basi! Nikajua ni kweli. Nikaketi chini palepale kwenye majivu, nikalia kama sijalia tangu kuzaliwa. Shangazi akajitupa chini naye, akamtaja Mayunga kwa sifa ambazo alipokuwa nyumbani hajawahi kumpa hata moja. Tulilia wote watatu mpaka makande yakaanza kuungua.

Harufu ndiyo iliyomzindua Mama Yohana. Akaipua chungu, akafuta macho, akauliza, "Mungu wangu, na amekufa saa ngapi?"

"Tukuulize wewe," nikasema.

"Mimi? Mimi nalia kwa sababu ninyi mmekuja na msiba!"

"Sisi tunalia kwa sababu wewe umelia!"

Tukatazamana. Mama Yohana akashika kiuno. "Jana jioni nimempelekea uji ghalani. Kaunywa wote, akasema hauna chumvi."

Aliposema hauna chumvi nikajua ni Mayunga wangu, yu hai. Nilicheka, nikapiga vigelegele, nikamrukia Mama Yohana nusura nimwangushe chunguni. Shangazi akanirudishia shanga zangu huku akisema alijua tangu mwanzo. Tukala yale makande yaliyoungua, na sijala chakula kitamu kama kile tangu vita vilipoanza.

Lakini Mama Yohana alikuwa na habari nyingine. Msafara ulikuwa umeshaagizwa. Kesho kutwa wangeondoka, na mnyapara ameambiwa kila anayepumua abebe mzigo.

Ghala la Manundu

Asubuhi tulikwenda Manundu, Mama Yohana na ndoo yake ya uji mbele, maana yeye alikuwa na ruhusa ya kuwanywesha wagonjwa. Ndani ya ghala watu walilala juu ya vumbi la katani, bega kwa bega. Mayunga nilimpita bila kumtambua. Ni yeye aliyeniita. Alikuwa amebaki macho na mifupa, na kifua kinamkereketa kwa kikohozi.

"Mwantumu," akasema, "nani anapalilia shamba?"

Ndivyo alivyonipokea baada ya miezi yote ile. Nikamshika mkono.

Mnyapara wao aliitwa Maganga, Mnyamwezi mnene mwenye kofia nyekundu. Alikuja kuuliza wanawake hawa ni nani, na nyuma yake nikamwona yule mwenye pengo wa Sindeni, amerudi kwa mizigo mingine. Damu ikanipanda.

"Wewe!" nikamwambia. "Nani alikupa ruhusa ya kunizikia mume?"

Akachekelea. "Mtani, tulikuwa tunakutania tu."

"Mmenivalisha msiba njiani. Mmemliza shangazi yangu, mtu mzima huyu. Sasa nakutozeni faini." Nikaushika mkono wa Mayunga, nikauinua juu ghala zima wauone. "Mmesema mmemzika, basi ni maiti. Na maiti wa Mnyamwezi anazikwa na nani?"

Wagonjwa wakaitika kutoka kila upande, "Na mtani!"

"Mimi ni mtani. Nimeshika."

Kicheko kilichotoka pale, sidhani kama ghala lile lilishawahi kukisikia. Hata waliokuwa hawainui kichwa walicheka. Maganga peke yake hakucheka. Akachuchumaa karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo:

"Dada yangu, mtu akikosekana kwenye hesabu, anayelazwa chini na kupigwa viboko hamsa-ishirini ni mimi."

"Mzima akikosekana. Na maiti?"

Wafu walikuwepo kila asubuhi. Yeye huenda kumwambia Mdachi kwa mdomo, Mdachi huandika, na ndugu au watani huwatoa. Hakuna aliyefunua maiti, kwa kuogopa homa. Maganga akamtazama Mayunga, akatazama ule mkono niliokuwa bado nimeushika.

"Umeshika," akasema mwisho. "Siwezi kumkatalia mtani. Nitampa Mdachi habari ya kifo. Lakini mkikamatwa darajani, mimi sikuwajua."

Ikabaki sanda. Katika Korogwe nzima hapakuwa na nguo nyeupe, na magome ya miti yasingemficha mtu anayepumua. Wote tukamgeukia shangazi, naye akakikumbatia kifurushi chake.

"Hapana. Hii ni yangu. Nimeitunza miaka yote."

Mayunga akakohoa. Shangazi akamtazama, kisha akaanza kufungua kamba za mgomba moja moja. "Usiitie jasho," akamwambia Mayunga. "Na ukifa kweli humo ndani, sitakusamehe."

Darajani

Maganga alitupa wabebaji wawili, yule mwenye pengo na mwenzake. Walimweka Mayunga kwenye machela, wamemfunga sanda, uso umefunikwa, mimi na shangazi tunafuata nyuma tukilia. Kilio cha shangazi kilikuwa cha kweli, alikuwa anailia nguo.

Darajani palikuwa na askari mwingine siku hiyo, Msukuma, mtu mzima, bunduki begani. "Mnampeleka wapi?"

"Ng'ambo, Uzigua kwa wakwe zake," akasema mwenye pengo. "Hawa ni watani, wameshika maiti wao."

Askari akakubali kwa kichwa. Msukuma anajua utani kama Mnyamwezi anavyoujua. Akaanza kuinua kile kizuizi, na hapo hapo, ndani ya sanda, Mayunga akakohoa.

Shangazi akakata kilio katikati. Wabebaji wakaganda. Askari akashusha mti.

Sijui akili ile ilitoka wapi, ila namshukuru Mungu kwa kuwaumba Wazigua watani. Nilijikunja mgongo nikatembea mbele ya machela kwa mwendo wa Mayunga, ule wa kuvuta mguu wa kushoto, nikakohoa kile kile kikohozi chake. Nikasema kwa sauti yake, "Mwantumu! Huu mlenda hauna chumvi! Kho! Kho! Nani anapalilia shamba?"

Mwenye pengo akaelewa upesi. "Ndivyo alivyokuwa, marehemu! Ndivyo alivyokuwa!"

Askari akacheka. Akacheka mpaka akajiegemeza kwenye bunduki. "Watani hawa! Hata maiti hawamwachi apumzike!" Akaushika tena ule mti.

Mayunga akakohoa mara ya pili. Safari hii mimi nilikuwa mbele namtazama askari, mdomo wangu umefumba, na kikohozi kimetoka nyuma yangu. Sanda ilitikisika. Askari aliiona ikitikisika. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo, akanitazama mimi, akaitazama tena sanda. Niliacha kuigiza. Nilimtazama tu kama mke wa mtu.

"Bibi," akasema taratibu, "maiti wenu ana kifua kibaya."

"Ndiyo, baba."

"Mzikeni mbali. Asije akatuambukiza." Akauinua mti juu kabisa, akageuka kutazama mto.

Ng'ambo ya mto mpaka nyumbani

Tulikwenda kimya mpaka daraja likapotea nyuma ya miti. Wabebaji wakatua machela, nikamfunua uso. Mayunga akavuta pumzi, akasema, "Shangazi, sanda yako inanuka ubani mwingi mno. Ndiyo iliyonikohoza."

Shangazi akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia, na hapo akalia kweli. Mimi nilicheza ngoma ya kwetu katikati ya njia, peke yangu, wala sikumwogopa mtu. Nilikuwa nimemshinda Mdachi na bunduki zake zote!

Mwenye pengo na mwenzake walitakiwa warudi, maana wasiporudi Maganga angechapwa. Niliwaomba wakimbie nao. Wakakataa. Nikawapa kuku aliyebaki, na mwenye pengo akanivuta kilemba kichwani, akasema, "Nimeshika." Akaenda nacho. Kila siku nawaombea wafike kwao salama, yeye na yule askari pia.

Mayunga alitembea akituegemea mimi na shangazi. Sindeni tulipumzika kwa binamu yangu mpaka homa ikamshuka. Watu walikuwa wameshasikia kwamba amekufa, wakawa wanakuja kumtazama akila, na waoga zaidi walimgusa kwa ncha ya fimbo. Yeye aliwaomba mlenda.

Mengine mmeyaona wenyewe, lakini kuna waliokuwa shambani siku jumbe alipokuja, basi nawaandikia hao. Boma la Mdachi lilikuwa limempa habari kwamba mgeni wa Misima amefia Korogwe. Akaja na waume zenu kuhani msiba, na baada ya kuhani alikusudia kulichukua shamba, maana mgeni akifa hana mrithi. Akamkuta Mayunga kakaa kibarazani, ana hindi la kuchoma mkononi.

Jumbe akarudi nyuma hatua. Kisha akakasirika. "Huyu ametoroka! Nitampeleka bomani leo hii!"

Nikatoka ndani. "Boma limekwambia nini, jumbe?"

"Limeniambia amekufa."

"Basi nenda ukaliambie boma limekosea. Mimi nitakungoja hapa na dawa ya kuchua mgongo."

Jumbe anajua Mdachi hafanyi kosa, na anayemwambia amefanya kosa hulazwa chini. Lakini hakutaka kushindwa na mwanamke. Akawageukia wanaume aliokuja nao, akamnyooshea Mayunga fimbo. "Semeni ninyi. Huyu si yule mgeni niliyemtoa?"

Nilikuwa tayari kuwaona tena wakitazama vidole vyao vya miguu. Mzee Sefu, jirani yetu, ndiye aliyeinua kichwa.

"Mgeni yule alikufa Korogwe, jumbe. Tumesikia sote, Mungu amrehemu. Huyu ni mkwe wetu, mtu wa hapa Misima."

"Ni wa hapa," akasema wa pili. Na wa tatu akasema, na wa nne, mpaka ikawa jumbe ndiye amebaki anatazama chini.

Mayunga aliacha kutafuna. Aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, macho yamemjaa maji, kisha akasogea kwenye mkeka ili wapate mahali pa kukaa.